Makambi ya Gusii na Picha Zake za Zamani

Picha za zamani za makambi, yaani mikutano ya kila mwaka ya Waadventista Wasabato, ni hazina ya Gusii, yaani kaunti za Kisii na Nyamira nchini Kenya, kwa kuwa zinahifadhi sura ya jamii iliyojikusanya kwa hiari yake yenyewe. Kanisa hilo lilianza kazi Gendia, kando ya Ziwa Victoria, mwaka 1906, likapanda hadi Nyanchwa, karibu na mji wa Kisii, katika mwongo uliofuata. Makambi, ambayo kwa kawaida hufanyika Agosti wakati shule zimefungwa, huunganisha makanisa ya mtaa, yaani eneo la mchungaji mmoja, na humo kwaya hukutana, jamaa waliotoka mijini huonana na wazee wao, na uchumba, pengine, huanza. Picha ya pamoja huwaweka wachungaji na wazee wa kanisa vitini mbele. Lakini pongezi kubwa zaidi zinawastahili akina mama waliochota maji, wakasonga ugali wa wimbi na kuwalisha wageni, ingawa wao wenyewe mara nyingi hawakuwa na nafasi ya kusimama mbele ya kamera.