Nafsi ya Mgonjwa katika Majina ya Nyimbo za Mjini

Wahakiki wa muziki wa mjini wana kauli wanayoipenda sana, nayo ni kwamba mwimbaji aliyeugua hata akachungulia kaburi hurudi jukwaani na kipaji kilichonolewa upya. Kauli hiyo husemwa kana kwamba kitanda cha hospitali ni jando la pili. Haikosi ukweli, lakini haielezi ni kitu gani hasa kinachobadilika katika utungo wenyewe. Kipaji hakishikiki kwa mkono, maneno hushikika. Kwa sababu hiyo makala haya yanafuata njia nyembamba. Yanatazama nafsi, kwa maana zake zote mbili katika Kiswahili, ile ya sarufi na ile ya roho na utu wa mtu, na yanaitazama katika majina ya nyimbo tu. Jina la wimbo ndio utungo mfupi kuliko wote. Ndilo analolitamka mtangazaji, ndilo analoliagiza mnunuzi, na aghalabu ndilo linalobaki vinywani mwa watu beti zikishasahauliwa.

Yafaa kuanzia Eastlands ya Nairobi, kando ya Barabara ya Jogoo, kwenye Soko la Burma. Jirani zake ni Kaloleni, Makongeni na Shauri Moyo, mitaa iliyojengwa kwa ajili ya wafanyakazi enzi za ukoloni. Jina la soko hilo linakumbusha vita vya Burma, ambako askari wa Afrika Mashariki walipigana katika miaka ya 1940. Hapana haja ya kusimulia vita hivyo hapa, ila kwa jambo moja: miongoni mwa waliopitia kikosi cha burudani cha jeshi wakati huo alikuwamo Fundi Konde, mpiga gitaa kutoka Kilifi, ambaye baadaye alitoa nyimbo nyingi jijini Nairobi. Mmoja wa nyimbo zake mashuhuri unaitwa "Ajali Haikingiki".

Jina hilo ni methali kamili. Kitenzi kiko katika kauli ya kutendeka, kwa hiyo hapatajwi mtenda wala mtendwa. Hapana aliyeshindwa kukinga wala aliyeumia. Neno "ajali" lenyewe, kabla halijafungwa na gari na barabara, lilikuwa na maana ya siku iliyoandikwa, mwisho wa mtu uliokwisha kupangwa. Hivyo msiba unasemwa bila nafsi ya mtu yeyote, nao unakuwa mali ya wote. Mtu asidhani kwamba Fundi Konde hakuijua nafsi ya kwanza. Wimbo wake mwingine unaitwa "Majengo Siendi Tena", na Majengo ni jina la mtaa linalopatikana Mombasa na Nairobi pia. Katika jina hilo "mimi" anajitokeza waziwazi, lakini ni mimi wa starehe na majuto, anayeamua aende wapi na asiende wapi. Mwili unaoumwa haumo.

Kutoka hapo hadi kizazi cha sasa cha Eastlands ni safari ya zaidi ya nusu karne. Msanii anayefaa kuangaliwa ni Kennedy Ombima, ajulikanaye kwa jina la King Kaka, ambaye sifa ya kutoka Eastlands ameifanya kuwa nembo yake hata albamu yake moja ikaitwa Eastlando Royalty. Mwezi wa Disemba 2019 alitoa utungo wa kughani, usioimbwa, uitwao "Wajinga Nyinyi". Aliwasema viongozi wanaoiba na wapiga kura wanaowarudisha madarakani. Utungo ulienea nchini kwa siku chache, na barua ya mawakili ikamfuata.

Mwanaisimu hataliacha jina hilo lipite. Kwanza limetumia "nyinyi", umbo linalosikika zaidi katika mazungumzo, badala ya "ninyi" la vitabuni. Pili, limeanza na tusi na kumalizia na anayetukanwa, kama afanyavyo mtu aliyekasirika sokoni: hukumu hutoka kwanza, mshtakiwa baadaye. Tatu, na hili ndilo kubwa, nafsi ya pili wingi humweka msemaji nje ya kundi. Hakusema "wajinga sisi". Ni sauti ya muadhini juu ya mnara, ambayo fasihi ya Kiswahili inaijua tangu zamani katika mashairi ya mawaidha. Nguvu yake ilikuwa kubwa. Udhaifu wake ni kwamba aliye mnarani hana mwili. Anaonya tu, wala haumwi.

Mwaka 2021 mwili ulijitokeza. King Kaka alitangaza hadharani kwamba alikuwa mgonjwa kwa muda wa miezi kama mitatu baada ya kutibiwa kwa ugonjwa usio wake, na kwamba alikuwa amepungua kilo 33. Taarifa hiyo haikuwa wimbo, lakini inastahili kusomwa kama utungo, kwa kuwa kilichowashtua watu ni ile tarakimu. Burma ni soko la nyama. Mnunuzi wa pale anajua kilo moja inatosha watoto wangapi, na kilo 33 akiziona kwenye mizani atajua ni mzigo wa mtu wa kubeba mgongoni. Maneno kama "kudhoofika" au "kukonda" yangepita masikioni bila kugonga popote. Tarakimu iligonga, kwa sababu imetoka katika lugha ya kazi za watu wenyewe.

Albamu aliyoitoa baada ya kupona aliiita 2nd Life, yaani maisha ya pili. Nafsi imehama. Aliyekuwa akiwanyooshea wengine kidole sasa anazungumzia uhai wake mwenyewe. Hapa ndipo mhakiki wa mrengo wa jamii hukunja uso. Atauliza: je, msanii wa wavuja jasho hajarudi nyuma? Jana aliwasemea wananchi juu ya wizi wa mali yao, leo anajisemea mwenyewe; na je, Kiswahili chenyewe hakikutoa onyo lilipozaliwa neno "ubinafsi" kutokana na "nafsi"? Hoja hiyo ina uzito na haifai kupuuzwa. Lakini mgonjwa aliyepewa dawa ya ugonjwa usio wake hazungumzii jambo la faragha. Kila mtaa wa Eastlands una mtu aliyezunguka kutoka zahanati hadi zahanati huku nduguze wakichanga fedha za vipimo. "Mimi" wa mgonjwa ni nafsi ya kwanza umoja katika sarufi, ilhali katika maisha ni wingi. Ubinafsi unaweza kuwamo kweli, ila hautokani na kiwakilishi peke yake.

Mfano wa Tanzania unalidhihirisha jambo hili vizuri zaidi. Joseph Haule, yaani Professor Jay, alijenga jina lake kwa kuvaa nafsi za watu wengine. Katika "Ndiyo Mzee" ya mwaka 2001 alijifanya mwanasiasa anayeahidi mambo yasiyowezekana, na umati ukimwitikia kwa kukubali kila alisemalo. Ni kejeli ya hali ya juu, nayo haikupungua utamu pale msanii mwenyewe alipokuja kuwa Mbunge wa Mikumi kuanzia 2015 hadi 2020. Mapema mwaka 2022 alilazwa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili akiwa hoi. Aliporudi mwaka 2023 alitoa wimbo pamoja na Walter Chilambo, mwimbaji wa nyimbo za injili, na wimbo huo unaitwa "Siku 462".

Jina hili halina kitenzi, halina kiwakilishi, halina hata kivumishi cha kusikitikia. Kisarufi halina nafsi yoyote, kama lisivyokuwa nayo "Ajali Haikingiki". Hata hivyo majina haya mawili yamekaa ncha mbili za mbali kabisa. La Fundi Konde halina nafsi kwa kuwa ni la kila mtu. La Professor Jay halihitaji kuitaja, kwa sababu ni mtu mmoja tu, pamoja na waliomuuguza, awezaye kuhesabu siku hizo. Nafsi imejificha ndani ya tarakimu. Aliyekuwa bingwa wa kuigiza sauti za wengine amefikia jambo lisiloigizika, na matokeo yake ni kupunguza maneno badala ya kuyaongeza. Kama kuna umakini mpya unaoletwa na ugonjwa, basi huu ndio. Hisia hazijakuwa kubwa zaidi. Kilichobadilika ni kwamba msanii amekataa kusema zaidi ya alichokihesabu.

Ushairi wa Kiswahili ulipata kulitatua tatizo hili kwa njia nyingine. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anauonya moyo wake mwenyewe, akiuonyesha magofu ya majumba ya Pate. Anaigawa nafsi yake mara mbili, mwonyaji na mwonywa, na kwa ufundi huo anakuwa juu ya mnara na chini yake kwa wakati mmoja. Fahari iliyopotea anaipima kwa vyumba, milango na taa. Msanii wa leo hana jumba la kulilia, ana mwili tu, nao haupimwi kwa vyumba bali kwa kilo na kwa siku.

Isifikiriwe, hata hivyo, kwamba kila ugonjwa huzaa umakini wa namna hii. Remmy Ongala wa Super Matimila aliimba "Kifo" na kuitia katika Songs for the Poor Man ya mwaka 1989, miaka mingi kabla hajapooza. Aliimba pia "Mambo kwa Soksi", juu ya kinga ya UKIMWI, wimbo ambao Radio Tanzania ilikataa kuupiga. Mtu huyo hakungoja maradhi yamfundishe kuutazama mwisho wa binadamu. Ugonjwa ulipomfika mwanzoni mwa miaka ya 2000 aliuacha muziki wa dansi na kushika nyimbo za dini hadi alipofariki Disemba 2010. Uamuzi ulikuwa wake na haki ilikuwa yake. Lakini wapenzi wake wanapomkumbuka hutaja nyimbo za kabla, na mhakiki hana budi kukiri kwamba katika maisha ya msanii huyu ugonjwa ulifunga mlango wa kazi yake iliyo bora. Wako pia wale ambao hawakupona, na hao hawakutoa albamu ya pili ya kuwathibitishia wahakiki kauli yao.

Ukirudi kwa King Kaka, swali linalobaki ni la lugha. Alipowakemea watu alitumia Kiswahili, tena cha kinywani. Alipotaka kuitaja nafsi yake iliyonusurika, alihamia Kiingereza. Msikilizaji wa Burma anayafahamu maneno yale mawili bila taabu, lakini ni maneno ya kila mtu na ya popote. Yanaweza kuandikwa kwenye fulana au kwenye basi. Kilo 33 zilibaki katika taarifa kwa umma, hazikuingia katika jina. Kama utungo, tangazo lile la ugonjwa ni bora kuliko jina la albamu iliyolifuata.