Kamera Ilikuwa Wapi?

Kuna kipande cha filamu kisichochoka kuzunguka kwenye simu zetu, baina ya Unguja na Maskati. Kimechukuliwa kutoka angani. Chini watu wanatembea kwa safu, wengi wao wenye mavazi meupe. Baadaye ni miili. Kimetoka katika Africa Addio ya Waitaliano Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi, iliyoonyeshwa mwaka 1966. Filamu yenyewe inasema ni hapa Unguja, siku chache baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964.

Siipendi filamu hii. Msimuliaji wake anaiombolezea Afrika kana kwamba ilizaliwa Mzungu aliposhuka melini, ikafa alipofunga mizigo. Sisi tuliokulia katika nyumba ambazo mwaka ule hautajwi mbele ya watoto tungeihitaji mno picha hiyo, lakini tumeipokea ikiwa tayari imetiwa maneno ya mtu mwingine. Wanaotembea kule chini hawana jina wala sauti. Anayesema ni aliye juu.

Hata hivyo filamu hii inahojika, kwa sababu kamera yake ilikuwa mahali. Kulikuwa na chombo kinachoruka, na ndani yake mtu. Nchini Italia, Jacopetti alichunguzwa kwa tuhuma kwamba mauaji aliyoyapiga picha Kongo yalipangwa kwa ajili ya kamera yake. Aliondolewa lawama. Unaweza usiridhike na uamuzi huo, lakini alikuwepo mtu wa kuitwa na kuulizwa.

Video ya akili mnemba haina mtu huyo. Programu hulishwa picha na video nyingi mno pamoja na maelezo yake, mpaka ijue uso hugeukaje na kanzu hupepeaje. Ukiiandikia sentensi, huanza na chenga tupu, kama televisheni iliyokosa mawimbi, kisha huzisafisha hatua kwa hatua hadi zifanane na ulichotaka. Haikumbuki chochote, inakisia. Iandikie “Mji Mkongwe, Januari 1964” na haitauliza nani alikuwepo.

Wengi wanahofia kwamba tutaamini uongo. Mimi nahofia zaidi kinyume chake. Gabon, Rais Ali Bongo, akiwa ameugua kwa miezi, alitokea kwenye video ya salamu za mwaka mpya wa 2019. Wapo waliodai ni bandia, jambo ambalo halikuthibitishwa. Tarehe 7 Januari wanajeshi wakajaribu kumpindua, wakiitaja hotuba ile ile. Shaka peke yake ilifanya kazi kubwa.

Kwetu, asiyetaka kusikia habari za 1964 hahitaji tena hoja. Atasema “hiyo AI” na kuweka simu mfukoni. Naye anayetaka kuchochea hahitaji ndege: atatengeneza kipande chenye rangi safi na vilio vinavyosikika, na kitapendwa kuliko cha asili, ambacho kimechakaa, kinatikisika, na watu wake ni wadogo kama punje za mchele. (Kutikisika nako programu zimeshajifunza kukuiga.)

Aliyekuwa na miaka 15 mwaka ule sasa amepita 75. Yupo Ng'ambo, yupo Maskati. Akionyeshwa kipande kile anaweza kuitambua barabara, au kusema kwamba siyo. Wengi wao hawajaulizwa.