Ghala Chini ya Mwamba

Kwa sikio la Kiswahili jina lake ni amri ya jikoni: pika! Lakini jina hilo limetoka mbali, kwenye lugha za Watungusi wa Siberia, na mwenye jina hana habari na moto wala chungu. Kazi yake ni kuvuna, kukausha na kutia ghalani, na anaifanya akiwa na mwili wa gramu 150 hivi, uzito wa embe dogo.

Pika ni ndugu wa sungura, ingawa mgeni atamdhania panya mnene asiye na mkia. Masikio yake ni ya mviringo, nyayo zimeota manyoya, sauti ni mlio mfupi mkali unaosikika mbali kuliko ungemdhania. Kuna aina zake zipatazo 30 duniani, nyingi zikiwa Asia. Huyu ninayemsifu ni wa Amerika Kaskazini, Ochotona princeps, mkazi wa milima ya Rocky na Sierra Nevada, kule juu ambako majabali yaliyoporomoka yamelundikana mteremkoni na kuacha mianya ya kupenya. Aliyepanda Mlima Kenya atamkumbuka pimbi. Mawe yanafanana, baridi inafanana, lakini pimbi ana udugu na tembo, huishi kwa makundi na hupenda kuota jua. Pika hukaa peke yake, na jua linaweza kumuua.

Hapo ndipo ugumu wa kazi yake unapoanza. Joto la mwili wake ni karibu nyuzi 40, na likipanda nyuzi tatu tu anakufa. Ukimweka mahali pa wazi asipoweza kujificha, hewa ya nyuzi 25 hadi 30, ambayo Dar es Salaam tunaiita siku ya kawaida, inatosha kumwangamiza kwa saa chache. Mwili ulioundwa kwa ajili ya theluji haupoi kirahisi wakati wa kiangazi. Kwa hiyo siku za joto huvuna asubuhi na jioni, na mchana huzama kwenye ubaridi wa chini ya mawe. Msimu wenyewe wa kuvuna ni wiki chache tu kabla theluji haijarudi, na yeye halali usingizi wa baridi kama wanyama wengine wa milimani. Atakuwa macho miezi yote ile, na atataka kula.

Basi anavuna. Hutoka kwenye mawe hadi ukingo wa majani, hukata shina kwa meno, hulipanga mdomoni pamoja na mengine mpaka mzigo unaning'inia pande zote mbili kama masharubu ya mzee, kisha hurudi mbio. Husukuma mzigo chini ya mwamba uliojitokeza kama upenu, huugandamiza, hutoka tena. Lundo hukua tabaka juu ya tabaka na kukauka kadiri linavyokua. Wafugaji wetu wangeliita hei, na wasingeona aibu kuwalisha ng'ombe wao.

Ila ufundi wenyewe haumo katika kubeba. Umo katika kuchagua. Majani anayokula papo hapo ukingoni si yale anayoyapeleka ghalani. Klova laini huila pale pale. Kwa ajili ya akiba hutembea mbali zaidi, na mara nyingi hufuata mmea wa maua ya njano uitwao kisayansi Geum rossii, ambao wakati huo hauliki: majani yake yamejaa fenoli, kemikali zinazomsumbua mlaji. Kwa nini ajaze ghala lake sumu? Mwanabiolojia Denise Dearing alilifuatilia swali hilo Niwot Ridge, Colorado, na matokeo aliyoyachapisha mwaka 1997 yangemfurahisha mama yeyote wa Mtwara anayeanika makopa. Fenoli huzuia vijidudu vya kuozesha, kwa hiyo majani yenye sumu hudumu vizuri kuliko yale matamu. Miezi inapopita ghalani, sumu yenyewe hupungua. Baadaye katika majira ya baridi, chakula kimeshakuwa salama. Ni hesabu ile ile ya muhogo mchungu: uchungu ndio mlinzi, na subira ndiyo dawa.

Sitaki kumfanya mtakatifu. Sungura wa hadithi zetu anajulikana kwa kula jasho la wenzake, na damu haipotei: jirani akizubaa, pika huingia kwenye lundo lake na kujichotea. Ndiyo maana kila mmoja hulinda eneo lake kwa makelele na mbio. Wenye shida kubwa ni vijana. Aliyezaliwa mwanzo wa kiangazi lazima apate eneo lililoachwa wazi na mfu, kisha ajaze ghala mwaka huo huo. Hapewi msimu wa kujifunza.

Theluji yenyewe, kinyume na tunavyofikiri sisi wa nchi za joto, ni blanketi. Inapofunika mawe kwa unene, kule chini baridi hubaki karibu na nyuzi sifuri hata upepo wa juu ukiwa mkali kiasi gani. Baridi inayomtisha pika ni ile ya mwaka ambao theluji imekuwa haba.

Wenzake wa uwanda wa juu wa Tibet wanaishi kwa ufundi mwingine kabisa. Utafiti uliotolewa mwaka 2021 ulionyesha kwamba wakati wa baridi hupunguza kasi ya mwili kutumia nishati, na pale penye mifugo hula mavi ya yaki. Nawaheshimu, maana kuishi ni kuishi, lakini moyo wangu uko kwa yule mwenye ghala.

Majira ya kuchipua yakifika, lundo huwa limebaki nusu au vijiti vitupu. Kiangazi kikirejea, mwenye eneo, au kijana aliyemrithi, hubeba shina la kwanza na kuliweka juu ya masalia yale yale, chini ya mwamba ule ule.