Utao Usiwe wa Kujaza

Siku ya Wakimbizi, 20 Juni, nilikaa meza ya majaji wa mashairi. Kazi yetu ilikuwa kuhesabu tu. Mizani 8, koma, mizani 8. Vina vya kati, vina vya mwisho. Aliyeshinda alitimiza vyote, na mstari wake huu ulipigiwa makofi sana na wageni:

Posho yetu yapungua, wafadhili twashukuru.

Hesabu iko sawa. Lakini usiku sikulala vizuri, jamani. Kipande cha kwanza, yaani ukwapi, kinasema njaa. Cha pili, utao, kinasema asante. Hawa wawili hawajuani. Toa huo utao, weka "jamani ndugu zanguni": mizani inatimia vilevile, na shairi halijapoteza kitu.

Binti mmoja tulimpa nafasi ya nne. Aliandika hivi:

Posho yetu yapungua, mtoto anahesabu,
Sufuria yatulia, na mama hatoi jibu.

Jaji mwenzangu aliuliza, "Anahesabu nini?" Tukamkata alama. Leo nasema tulikosea, na mimi wa kwanza. Sisi wote hapa tunajua anahesabu nini: siku zilizobaki mpaka mgao ujao. Ukwapi unaleta habari, utao unaonyesha habari hiyo imemwangukia nani. Mstari wa pili unafanya vilevile: sufuria kimya, mama naye kimya. Ficha kipande kimoja kwa mkono, kile kingine kinabaki yatima.

Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, hapo hapo kando ya Tanganyika ambayo wengi wetu tuliivuka, alitoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954. Sheria ni nzuri, bila hizo hatuna wimbo. Kwenye utenzi mizani 8 ni mshororo mzima, unajitegemea. Basi kwenye shairi la mizani 16, kwa nini nusu yake iwe ya kujazia, kama karatasi kwenye kiatu kikubwa?

Nakiri, hata mimi nimeandika utao wa asante mara nyingi. Ukiishi kwa kupewa, mdomo unazoea. Ninyi ndugu mnaofanya kazi kwenye mashirika, msinielewe vibaya: shukrani zetu ni za kweli. Ndiyo maana zinastahili shairi lao zima, zisitumike kuziba tundu. Na mkisikia ukwapi wa njaa, msingoje utao wa kuwafariji. Makofi yenu yanatufundisha cha kuandika mwaka unaofuata.

Kwa mashindano yajayo naomba tuongeze alama moja tu. Baada ya kuhesabu, jaji afunike utao kwa kiganja, asome kilichobaki. Kama hakuna anayeuliza "halafu?", kipande kile kilikuwa cha kujaza, hata kama mizani yake imetimia.

Na yule binti, dada yangu, akisoma hapa: nafasi ya nne haikuwa yako.