"Uchafu" au "Takamwili"? Kasoro ya Istilahi katika Elimu ya Mwili

Miongoni mwa istilahi zilizokwisha kuzoeleka katika vitabu vyetu vya sayansi, ipo moja ambayo, kwa maoni yetu, yastahili kutazamwa upya: nayo ni "utoaji wa uchafu mwilini". Twaikuta katika sura zinazoeleza kazi za figo, mapafu na ngozi. Na mara nyingi, chini ya kichwa hicho hicho, hutajwa utumbo mpana na kinyesi, kana kwamba kazi ni moja.

Kosa hili lina asili yake. Adabu ya lugha yetu huziweka haja zote mbili, kubwa na ndogo, chini ya neno moja, na neno choo ni jina la mahali na pia la kinachoachwa mahali hapo. Hatuna ugomvi na adabu hiyo. Lakini sayansi hutenganisha. Kinyesi, kwa sehemu kubwa, ni mabaki ambayo hayakupata kuingia katika damu. Yamepita mwilini kama msafiri apitavyo mjini bila ya kulala. Mkojo ni jambo jingine. Urea iliyomo ndani yake imeundwa na ini, kutokana na amonia ipatikanayo protini zinapovunjwa, kisha ikachukuliwa na damu hadi kwenye figo. Ni zao la uhai wenyewe, na hata aliyefunga kutwa nzima hulitoa. Ndivyo ilivyo pia kaboni dioksaidi itokayo mapafuni. (Nyongo ndiyo inayoutatiza mpaka huu, kwa kuwa rangi ya kinyesi hutokana na mabaki ya chembe nyekundu za damu zilizochakaa; lakini mwalimu aweza kulieleza hilo baada ya kuuweka mpaka, si kabla.)

Sasa tulipime neno lenyewe. Uchafu ni kinyume cha usafi. Hutoka nje ukaingia ndani, au ukashika juu. Huondolewa kwa kuoshwa, na ukishaondolewa umekwisha. Mtu aliyefundishwa kwa neno hili, siku akiambiwa na mganga kwamba figo zake zimeshindwa kutoa uchafu, atafanya nini? Huenda akanywa haluli ili ajisafishe tumbo. Haluli ni chumvi ya magnesiamu, na ile sehemu yake iingiayo katika damu hutegemea figo hizo hizo kuiondoa; zikiwa dhaifu hulimbikizana, na yaweza kudhuru mapigo ya moyo na pumzi. Na yule aunganishwaye na mashine, twamwambia kwamba "anasafishwa damu". Kwa nini basi arudi keshokutwa, na kwa kawaida mara tatu kila juma, ikiwa damu imekwisha kusafishwa? Neno halimwambii kwamba mwili haukomi kuzalisha.

Kwa hiyo twaiunga mkono istilahi takamwili, ambayo baadhi ya waandishi wa biolojia wamekwisha kuitumia. Imeundwa kwa kuambatanisha majina mawili, kama askarikanzu. Watakuwapo watakaosema kwamba msikilizaji ataidhania kuwa ni taka zilizoganda juu ya ngozi. Hofu hiyo haina uzito, maana taka hizo zina jina lao la zamani, nongo. Kinachohitajika ni fasili: takamwili ni kile kilichozalishwa na seli za mwili katika kazi zake, na ambacho mwili haukihitaji tena.

Kitenzi kuchuja nacho hakina budi kuangaliwa. Anayechuja tui kwa kifumbu hutupa machicha yaliyobaki na kulitunza lililopita. Figo hufanya kinyume: chembe za damu na protini hubaki, na kilichopita ndicho kielekeacho kuwa mkojo. Tena si chote. Kwa siku moja figo za mtu mzima huchuja kiasi cha lita 180, ilhali mkojo huwa lita 1 au 2 tu. Kilichosalia hurudishwa katika damu. Mwandishi anayesema kwamba figo huchuja, kisha akanyamaza, amesema nusu ya kazi, na nusu iliyo nyepesi. Twapendekeza kuchuja kusitajwe pasipo kufyonza upya.

Lipo pia suala la mirija. Wengine huita mrija wa mkojo ule ushukao kutoka kwenye figo hadi kwenye kibofu, na wengine ule utokao kwenye kibofu kwenda nje. Kutohoa ureta na urethra hakusaidii sana, kwa jinsi majina hayo yanavyokaribiana masikioni. Nayo tofauti si ndogo: aliyezibwa chini ya kibofu hupata nafuu akiwekewa mpira, bali aliyekwamiwa na jiwe karibu na figo, mpira huo haumwondolei kizuizi. Sisi twaona kila mrija uitwe kwa kiungo unakotoka, yaani mrija wa figo na mrija wa kibofu. Na njia ya mkojo ibaki kuwa jina la mfumo wote kuanzia figo hadi nje, kama inavyotumika katika zahanati.