Gumu, Sugu au Stahimilivu? Uhakiki wa Istilahi za Vihisi vya Silikoni

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuhakiki istilahi chache za Kiswahili katika tawi moja dogo la fizikia, yaani vihisi vya silikoni vinavyotambua chembe ndogo kuliko atomu, na ambavyo hutengenezwa ili viweze kufanya kazi mahali penye mionzi mikali. Huenda msomaji akauliza: jambo hili latuhusu nini sisi wanafunzi wa lugha, na lawahusu nini watu wa nchi ya chai ya Kericho na Bomet? Vihisi vyenyewe viko mbali, katika vigunduzi vya CERN karibu na Geneva.

Jibu liko darasani. Katika mfumo wa 8-4-4, mwanafunzi wa kidato cha nne nchini Kenya alifundishwa unururifu katika sura moja, na katika sura nyingine akafundishwa elektroniki, pamoja na namna silikoni inavyotiwa uchafu maalumu ili ipitishe umeme upande mmoja tu. Kihisi tunachokizungumzia si kitu kingine ila sura hizo mbili zikikutana. Mwalimu hufundisha kwa Kiingereza; lakini wanafunzi wakikwama, naye akitaka kuwaeleza jambo kwa maneno mengine, mara nyingi hukimbilia Kiswahili. Hapo ndipo neno baya hupotosha na neno zuri huokoa. Kwa wengi wa wanafunzi hao, ambao lugha yao ya nyumbani ni Kipsigis, Kiswahili nacho ni lugha ya kujifunza. Kwa hiyo hapana budi istilahi isimame juu ya maneno waliyokwisha kuyasikia yakifanya kazi.

Hoja yetu ni moja: istilahi njema si ile inayofanana na neno la kigeni, bali ni ile inayomfanya msikiaji atarajie jambo ambalo kweli hutokea.

2. Kitu chenyewe

Kabla ya kupima maneno, yafaa tukieleze kitu. Kihisi ni kipande chembamba cha silikoni, unene wake robo ya milimita au pungufu, kilichogawanywa katika vyumba vidogo sana viitwavyo pikseli. Katika kigunduzi cha ATLAS cha CERN, vihisi vya kwanza vya namna hii kwa jumla vilikuwa na pikseli zipatazo milioni 80, nyingi zikiwa na upana wa mikrometa 50 na urefu wa mikrometa 400. Mwaka 2014 liliongezwa tabaka jingine la ndani, lenye pikseli milioni 12 hivi, sentimita 3.3 tu kutoka kwenye mhimili wa miali ya protoni.

Chembe yenye chaji ikipita katika silikoni huzibandua elektroni kutoka mahali pake. Katika unene wa mikrometa 300 hutokea jozi za chaji zipatazo 22,000. Volti iliyowekwa juu ya kipande huzisukuma chaji hizo hadi kwenye pikseli, nayo pikseli hutoa habari kwamba hapa pamepita kitu. Lakini baadhi ya chembe hufanya zaidi ya hayo: huipiga atomu ya silikoni na kuing'oa katika safu yake. Nishati ya elektronivolti 25 hivi yatosha kuing'oa. Madhara haya hulimbikizana mwaka baada ya mwaka. Umeme huanza kuvuja, volti inayohitajika hupanda, na chaji nyingine hunaswa njiani zisifike.

3. Sensa, kihisi, kigunduzi

Wako wanaopendelea kukopa na kusema *sensa*. Sisi twaona mkopo huu una kasoro ya wazi: neno hilo limekwisha kushikwa. Kila msomaji wa Kiswahili anajua kuwa sensa ni hesabu ya watu, na sentensi kama "sensa ya pikseli milioni 80" itaeleweka kuwa mtu amekwenda kuzihesabu. *Kihisi* halina udhia huo. Limeundwa kutokana na kitenzi hisi kwa njia ileile iliyotupatia kifuniko na kipimo, japo hapa bila kuongeza kiambishi tamati.

Aidha, tusilichanganye na *kigunduzi*. Kihisi huhisi tu kwamba kimeguswa. Kigunduzi ni mtambo mzima, pamoja na vihisi, saketi za kusoma habari, mabomba ya kupoza na sumaku. Kuyatumia maneno haya mawili kana kwamba ni visawe ni sawa na kuliita jani la chai kiwanda.

4. Mionzi na mnururisho

TUKI ilieneza *mnururisho* na *unururifu*. Watu wa hospitali na wa magazeti wameendelea na *mionzi*. Mengi yamesemwa juu ya lipi ni sanifu na lipi limezoeleka. Lisiloangaliwa sana ni kwamba yote mawili yana asili moja ya maana, nayo ni mwangaza. Mwonzi ni wa jua. Mnururisho umetokana na nuru. Kwa eksirei maana hiyo yafaa, kwa kuwa eksirei ni ndugu ya mwanga. Lakini kinachokiharibu kihisi karibu na miali ya protoni ni hasa chembe zenye tungamo: pioni, protoni na nyutroni. Mwanafunzi anayewaza mwangaza atauliza, na atakuwa na haki, mwanga utaing'oaje atomu?

Hapa nchi ya chai inatupa msaada. Kericho inajulikana kwa wingi wa mvua ya mawe, hata mwishoni mwa miaka ya 1960 yalifanywa huko majaribio ya kuipunguza kwa kunyunyizia dawa mawingu. Mtoto wa huko hahitaji kuelezwa tofauti kati ya jua linaloliangaza shamba na mawe yanayolipiga. Hatupendekezi kulitupa neno *mionzi*. Limekwisha kuota mizizi. Twasema tu kwamba mwalimu alisemapo neno hilo aongeze mara moja: mionzi mingine ni kama jua, mingine ni kama mvua ya mawe, nasi hapa twasema juu ya hii ya pili.

5. Gumu, sugu, stahimilivu

Sasa twafika kwenye kiini cha makala. Wanafizikia wa Kiingereza huviita vihisi hivi kwa neno lenye maana ya ugumu. Tukitafsiri neno kwa neno tutapata *kihisi kigumu*, na tutakuwa tumeharibu. Kwa Mswahili, kigumu ni kile kisichobonyea au kisichoeleweka. Silikoni haikuongezewa ugumu wowote, na mwanafunzi aliyeambiwa kwamba kihisi ni kigumu atafikiri kwamba fizikia yenyewe ndiyo ngumu.

*Sugu* ni bora, na twakiri kwamba linavutia. Kwa asili sugu ni ngozi iliyokakamaa kwa kusuguliwa mara kwa mara, kama ile ya mkono wa mwenye jembe. Kutokana na hapo tumepata maradhi sugu, mhalifu sugu, na vimelea sugu kwa dawa. Tukitazama matumizi haya yote twaona wazo moja: kitu sugu hakidhuriki tena na kile kilichokusudiwa kukidhuru. Dawa humwagwa, mdudu asife. Sugu ya mkono nayo huzidi kuwa nene kadiri jembe linavyotumika.

Je, ndivyo kilivyo kihisi? La hasha. Kihisi hudhurika tangu siku ya kwanza, wala hakiongezeki nguvu kwa kupigwa. Ustadi wa waundaji hauko katika kuyazuia madhara, bali katika kuifanya kazi iendelee madhara yakiwapo. Huongeza volti, hata kufikia 1,000 katika baadhi ya vihisi vya tabaka la mwaka 2014. Hukiweka kihisi chini ya nyuzi sifuri ili umeme usivuje sana, na ili kasoro zilizomo zisije zikajipanga upya kwa ubaya zaidi, jambo ambalo hutokea kikiachwa katika joto muda mrefu. Mwaka 1997 Sherwood Parker na wenzake walitangaza njia nyingine: badala ya kuziacha chaji zivuke unene wote wa kipande, nguzo ndogo za kukusanyia huchimbwa ndani ya silikoni ili safari iwe fupi na chaji chache zinaswe. Silikoni yenyewe ni ileile, na hudhurika vilevile. Kilichobadilishwa ni umbali wa safari.

Kwa hiyo twapendekeza *kihisi stahimilivu*, au kwa ukamilifu, kihisi kinachostahimili mionzi. Stahimili ni jamaa ya himili, na nyuma yake kuna asili ya Kiarabu yenye maana ya kubeba, ileile iliyotupatia hamali. Anayestahimili amebebeshwa mzigo. Mzigo unamwumiza, naye anaendelea kwenda. Na hamali yeyote ana kipimo cha mzigo wake. Ndiyo maana vihisi vipya vya ATLAS, vilivyokusudiwa kwa LHC itakayotoa migongano mingi zaidi, vimesanifiwa hivi kwamba tabaka mbili za ndani kabisa ziweze kuondolewa na kubadilishwa kabla ya kazi nzima kwisha. Kitu sugu hakiwekewi mpango wa kubadilishwa kwa sababu ya kuchoka. Kitu stahimilivu huwekewa.

Tofauti hii hatukuibuni sisi. Mkulima wa Kericho au Bomet husema wadudu *sugu*, na husema miche *inayostahimili* ukame. Hawezi kuyabadilisha maneno hayo mahali pake, kwa sababu anajua kwamba ukame utauathiri mchai na mavuno yatapungua, ila mchai hautakufa. Ujuzi huo wa lugha ndio hasa anaouhitaji mwanafunzi wa fizikia.

6. Tundu na pengo

Liko jambo moja dogo la kuongeza. Elektroni ikiondoka, nafasi iliyoachwa huitwa *tundu*. Atomu nzima iking'oka, nayo huacha nafasi. Zote mbili zikiitwa tundu, maelezo yote yatavurugika, kwa maana tundu la elektroni husafiri na kuleta habari, hali nafasi ya atomu ni jeraha linalozinasa chaji. Kwa hii ya pili twapendekeza *pengo*, neno la nafasi ya jino lililong'oka. Wakulima wa chai nao hujaza mapengo katika mistari ya shamba mahali michai ilipokufa. Nafasi ya nishati iliyo baina ya elektroni zilizofungwa na zilizo huru, ambayo huenda wengine wakaiita pengo pia, na iitwe *mwanya*.

7. Hitimisho

Itasemwa kwamba kazi hii ni bure, maadamu fizikia ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, Kenya na Tanzania pia. Mwaka 2016 Shule ya Afrika ya Fizikia ilifanyika Kigali, na vijana wa eneo letu wakapata kuisikia sayansi hii karibu na kwao; lakini hawakuisikia kwa Kiswahili. Hoja hiyo yasahau kwamba ufahamu haungoji sera. Mwanafunzi hutafsiri kimoyomoyo, awe ameruhusiwa au la, na atatafsiri kwa neno lolote lililo karibu. Tukimwachia *gumu*, ataogopa. Tukimpa *sugu*, ataamini kwamba kuna kitu kisichodhurika, na hataona sababu ya baridi, ya volti wala ya kubadilisha tabaka. Tukimpa *stahimilivu*, atauliza mwenyewe: chastahimili kiasi gani, na kwa njia gani? Hayo ndiyo maswali yanayoulizwa na waundaji wenyewe.

Kazi ya kamati za istilahi, basi, isiishie kwenye orodha ya visawe. Iende shambani na darasani, ikasikilize ni tofauti zipi ambazo wasemaji wamekwisha kuzitenga, ndipo iamue.