Bunduki na Mbeba Bunduki: Uhakiki wa Silaha Mashuhuri katika Masimulizi ya Uasin Gishu

Utangulizi

Mnamo mwaka 2010 bunduki moja ya marisawa, yaani ile inayotawanya vipande vidogo vya risasi na ambayo kwa desturi hutumiwa kuwindia ndege, iliuzwa mnadani katika jimbo la Maine, Marekani, kwa dola 862,500. Ni bunduki ya mitutu miwili iliyolala sambamba, iliyotengenezwa na kampuni ya A. H. Fox ya Philadelphia. Wakati huo bei hiyo ilitajwa kuwa ya juu kabisa kuwahi kulipwa mnadani kwa bunduki ya aina hiyo. Mwenyewe wa kwanza alikuwa Theodore Roosevelt, aliyetoka katika urais wa Marekani Machi 1909 na mwezi uliofuata akashuka Mombasa kuanza msafara wa uwindaji. Bunduki hiyo ilikuwa miongoni mwa silaha zake katika msafara ambao, kabla ya mwaka huo kwisha, ulipita katika nyanda za Uasin Gishu, pale ambapo mji wa Eldoret ulikuwa bado haujaanzishwa.

Makala haya yanakusudia kuchunguza ni nini hasa kinachonunuliwa mtu anaponunua bunduki iliyopata umaarufu kwa njia ya kitabu, filamu au mchezo wa kompyuta. Hoja itakayotetewa ni kwamba kinachonunuliwa ni masimulizi, na kwamba masimulizi hayo aghalabu hupata mvuto wake kwa kumwondoa mtu mmoja katika kisa: yule aliyeibeba bunduki yenyewe. Suala hili linawahusu wahakiki wa fasihi kabla ya kuwahusu wanahistoria wa silaha, kwa kuwa linahusu msimulizi, mhusika na mtazamo.

Hoja ya ufundi

Hapana budi kuanza na hoja inayoelekea kupingana na hii. Wapo wanaodai kwamba thamani ya silaha ya zamani imo katika ufundi wake: nakshi iliyochongwa kwenye chuma, mbao za kitako zilizochaguliwa kwa mishipa yake, na jinsi sehemu zake zinavyoshikana. Dai hili lina ukweli. Roosevelt mwenyewe aliisifu Fox yake kwa maneno ya juu katika kitabu chake African Game Trails (1910). Hata hivyo, ufundi peke yake hauwezi kuielezea bei iliyotajwa. Mafundi walewale walitengeneza bunduki nyingine nyingi zenye nakshi kama hiyo, na bei zake hazikuikaribia. Tofauti iko katika jina la mwenyewe na katika kitabu kinacholithibitisha jina hilo. Wahenga wamesema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini katika soko la silaha mashuhuri hata chema hutembezwa, na kinachokitembeza ni hadithi.

Ushahidi wa jambo hili unaonekana pia katika filamu. Mwaka 1909, Roosevelt akiwa bado Afrika, William Selig alitoa filamu iliyodai kuonyesha uwindaji huo. Filamu hiyo ilitengenezwa Chicago. Mwigizaji aliyefanana na Roosevelt alivalishwa mavazi ya msafara, Wamarekani weusi wa mji huo wakaigizishwa kuwa Waafrika, na simba aliyenunuliwa akauawa mbele ya kamera. Watazamaji waliipokea kwa hamu. Mpiga picha Cherry Kearton, ambaye alimkuta Roosevelt nchini Kenya kwelikweli, alitoa filamu yake mwaka 1910, lakini hakuwa na picha ya Rais huyo akimuua simba, na filamu hiyo ya kweli haikupata mapokezi kama ya ile ya uongo. Watazamaji walikuwa wamekwisha kujifunza jinsi ya kuiona bunduki: mtu mmoja, mnyama mmoja, mlio mmoja. Chochote kilichokosa mpangilio huo kilionekana pungufu, hata kama ndicho kilichotokea.

Walioibeba

Katika msafara halisi hapakuwa na mtu mmoja. Roosevelt na mwanawe Kermit waliua wanyama 512, na nyuma ya hesabu hiyo walikuwapo wapagazi mamia, askari, wapishi na wabeba bunduki. Kitabu kinawataja baadhi yao kwa majina: Muhamed na Bakari waliombebea Roosevelt, na Juma Yohari na Kassitura waliombebea Kermit. Lugha ya msafara ilikuwa Kiswahili. Roosevelt aliitwa Bwana Mkubwa na Kermit Bwana Maridadi, majina ambayo yameingizwa kitabuni kwa tahajia iliyopotoka. Lile la pili lina kejeli ya upole ambayo mwandishi anaifurahia, na ni miongoni mwa mahali pachache ambapo msomaji anasikia wapagazi wakimhakiki bwana wao.

Kazi ya mbeba bunduki inastahili kuangaliwa kwa makini zaidi kuliko inavyofanywa kwa kawaida. Huyu ndiye anayeishika silaha kwa muda mrefu zaidi. Huibeba juani tangu alfajiri, na mnyama akigeuka husimama hatua moja nyuma ya mpiga risasi akiwa na bunduki ya pili mkononi. Kisha kwa dakika chache huitoa mkononi mwake, na dakika hizo ndizo zinazosimuliwa. Kwa istilahi za uhakiki, mbeba bunduki ni shahidi wa tukio ambaye hakupewa usimulizi. Anatajwa, anasifiwa kwa uaminifu wake, lakini tukio halionwi kwa macho yake hata mara moja. Bei ya mwaka 2010 haikuhesabiwa kwa jina la Bakari. Asiyekuwapo na lake halipo. Na hapa aliyekuwapo kwa mwili amefanywa kuwa hakuwapo kwa masimulizi.

Sergoit bila bunduki

Uasin Gishu ndipo masimulizi haya yanapojikwaa. Mwishoni mwa mwaka 1909, karibu na mlima wa Sergoit, Roosevelt alishuhudia wapiganaji wa Kinandi wakimzunguka simba na kumuua kwa mikuki. Wageni waliokuwa na bunduki walitakiwa wasifyatue. Mmoja wa wapiganaji alijeruhiwa na simba huyo kabla hajafa. Tukio hili limeelezwa kwa msisimko mkubwa katika kitabu, na mwandishi hafichi kwamba lilimtia mshangao. Kwa hiyo katika kitabu kinachoisifu bunduki toka mwanzo hadi mwisho, miongoni mwa kurasa zenye uhai mkubwa ni zile ambazo bunduki zilinyamaza.

Mmarekani mwingine, Carl Akeley, ambaye naye alikuwa katika nyanda hizo akikusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho, alijaribu kuwapiga picha za filamu Wanandi wakiwinda simba kwa namna hiyohiyo. Kamera yake ilikuwa nzito na haikuweza kugeuzwa upesi kuufuata mwendo wao. Kushindwa huko kulichangia kumfanya abuni kamera nyepesi kugeuzwa, ambayo baadaye ilitumiwa sana na wapiga picha wa filamu. Yaani chombo kilichokuja kusaidia kuifanya bunduki kuwa nyota wa filamu kilitokana kwa sehemu na mikuki ambayo filamu ilishindwa kuinasa.

Hata hivyo, tukio la Sergoit halipaswi kusomwa kama ushindi wa mkuki dhidi ya bunduki. Miaka minne tu kabla ya hapo, tarehe 19 Oktoba 1905, Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi katika upinzani dhidi ya Waingereza, aliuawa kwa risasi katika mkutano ulioitwa kuwa wa amani, ambapo aliyewaongoza wauaji alikuwa afisa Richard Meinertzhagen. Wapiganaji waliomzunguka simba mbele ya Rais mstaafu walikuwa watu walioshindwa vita majuzi, na mikuki yao iliruhusiwa kwa sababu ilikuwa imekwisha kugeuzwa maonyesho. Roosevelt anausifu ujasiri wao, lakini sifa hiyo haielezi kwa nini waliobaki na mikuki ndio wanaotazamwa na wenye bunduki ndio watazamaji.

Ukusanyaji wenyewe ulifuata mkondo huohuo. Meinertzhagen aliondoka na fimbo za uongozi za Koitalel, nazo zilikaa Uingereza hadi mwaka 2006 ziliporudishwa na mwanawe, na hatimaye zikawekwa katika makumbusho yenye jina la Koitalel huko Nandi Hills. Fimbo zilichukuliwa zikiwa ngawira na zikarudi zikiwa urithi. Bunduki ya Fox haikuwahi kuitwa ngawira, kwa kuwa mwenyewe ndiye aliyekuwa na kalamu.

Kutoka kitabu hadi kioo

Mvuto wa silaha mashuhuri wa siku za karibuni umejengwa juu ya msingi huohuo. Katika filamu ya Terminator 2 (1991), bunduki ya marisawa ya muundo wa mwaka 1887, ambayo ilikuwa karibu kusahauliwa, ilipata maisha mapya kwa sababu Arnold Schwarzenegger aliizungusha kwa mkono mmoja akiwa juu ya pikipiki. Mchezo wa kompyuta wa Doom (1993) ulikwenda mbali zaidi. Ndani yake mchezaji hauoni mwili wake: anaona mkono na mtutu, chini ya kioo. Wahakiki wameuita mtazamo huu wa nafsi ya kwanza, lakini ni nafsi ya kwanza ya ajabu, isiyo na kumbukumbu, isiyo na jamaa, na isiyosema. Mbeba bunduki na mpiga bunduki wameunganishwa hatimaye, na wote wawili wametoweka. Kilichobaki ni bunduki inayotazama.

Fasihi ya Kiswahili imelijibu suala hili kwa namna zaidi ya moja. Elvis Musiba katika Kufa na Kupona (1974) alimuumba Willy Gamba kwa kufuata kwa kiasi kikubwa mfano wa James Bond, na bastola yake ina mvuto uleule wa filamu. Si haki kuishia hapo, kwa kuwa Gamba anaitumikia harakati ya ukombozi wa kusini mwa Afrika. Mvuto umeazimwa, lengo halikuazimwa. Ebrahim Hussein katika Kinjeketile (1969), tamthilia inayohusu vita vya Maji Maji vilivyoanza mwaka uleule wa 1905, anamweka mwanadamu mbele ya bunduki bila kuipamba. Kinachopimwa kwake ni neno na imani ya watu. Nayo Mzalendo Kimathi, tafsiri ya tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo, inaificha bunduki ndani ya mkate. Anayeibeba ni mwanamke asiyepewa jina, kisha inawafikia mvulana na msichana. Hapa mbeba bunduki amekuwa mhusika mkuu wa kisa cha bunduki. Jina hana, lakini hiari anayo, na mtazamaji hawezi kuiona silaha hiyo bila kumwona yeye.

Kuna jibu jingine ambalo wahakiki wameelekea kulidharau. Wasimulizi wa filamu kama Lufufu wa Dar es Salaam na DJ Afro wa Kenya wameweka sauti ya Kiswahili na ya mitaani juu ya filamu za mapigano kutoka ng'ambo. Msimulizi wa namna hii humpa shujaa jina jipya, humkejeli, hukatiza mlio wa risasi kwa mzaha, na humkumbusha mtazamaji kwamba yupo mtu anayesimulia. Ni kazi yenye kasoro, na mara nyingi inaushangilia mlio huohuo. Lakini kwa muundo wake inamrudisha ukumbini yule aliyenyimwa usimulizi katika msafara wa 1909: msemaji wa Kiswahili anayesimama hatua moja nyuma ya mwenye bunduki. Bwana Maridadi lilikuwa jina la namna hiyohiyo.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba silaha mashuhuri ni matini, na kwamba mvuto wake hutegemea nani amesimulia na nani amenyamazishwa. Jambo hili si la nadharia tupu kwa msomaji wa Eldoret. Upande wa mashariki, chini ya ukingo wa milima, liko Bonde la Kerio, ambako bunduki haiwekwi katika kabati la kioo na ambako majina yanayoambatana nayo ni ya waliozikwa. Novemba 2016, huko Ngong, serikali ya Kenya ilichoma moto bunduki haramu zaidi ya 5,000. Hazikuwa na mnada. Hakuna aliyeuliza kila moja ilipitia mikono ya nani, ingawa kila moja ilikuwa na kisa kirefu kuliko kile cha bunduki ya Fox.

Mwanafunzi wa fasihi hawezi kuuzuia mvuto wa filamu na michezo, na kuwakemea vijana kwa kuipenda si uhakiki. Anachoweza kufanya ni kuisoma bunduki kama anavyomsoma mhusika yeyote: aulize imetoka wapi, imebebwa na nani, na kwa nini mtu huyo hasemi. Jina la Bakari limo kitabuni tangu mwaka 1910. Kinachosubiriwa ni msomaji atakayeanza kisa kwake.